Dokezo kabla ya kesi: mwongozo kwa mshauri wa sheria ndani ya Jeshi la Polisi

Simu za kazi hii zina saa yake: Ijumaa, kuanzia saa kumi jioni. Upande wa pili yuko mkuu wa upelelezi wa wilaya, na nyuma yake unasikia ng'ombe wakilia. "Mwanasheria, nina ng'ombe kumi na mmoja na watu watatu hapa. Hakimu keshaondoka. Nifanyeje?"

Mwongozo huu ni wa yule atakayeipokea simu hiyo: kijana aliyetoka kupangiwa dawati la sheria katika ofisi ya Kamanda wa Mkoa, au askari mwenye shahada ambaye ameambiwa asubuhi moja, "Wewe umesoma sheria, hamia ile ofisi ya pembeni." Nimeifanya kazi hii Kanda ya Kati, kwa hiyo mifano yangu ni ya Dodoma na wilaya zake. Sheria ni ile ile nchi nzima.

Hatua ya 1: Jua umeingia kwa mlango upi

Wapo wanaoingia na shahada mkononi, ya UDOM, Mzumbe, Dar es Salaam au kwingineko, wakapitia Shule ya Polisi Moshi kama wenzao wote, kisha wakapangiwa sheria. Wapo waliosoma wakiwa kazini, usiku, kati ya lindo na lindo. Wote nawashauri wamalize Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hata kama kazi yao haitawasimamisha mahakamani. Mafunzo yale yanakufundisha kuliona jalada kwa jicho la wakili wa utetezi, na hilo ndilo jicho utakaloliuza humu ndani.

Kama umetoka chuoni moja kwa moja, omba ukae wiki mbili kaunta ya kituo chenye watu, si kwa cheo, kwa kuangalia tu. Utaona RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni) inavyoandikwa huku mlalamikaji analia, na simu ya redio inapiga kelele, na mtu wa tatu anaulizia ndugu yake aliye mahabusu. Ushauri wa sheria usioweza kutekelezwa kwenye kaunta ile saa tano usiku ni mapambo.

Hatua ya 2: Jua mteja wako na majirani zako

Mteja wako ni Jeshi la Polisi kama taasisi. Afande aliyekuita ofisini ni msemaji wa mteja kwa siku hiyo, na kesho anaweza kuhamishiwa Katavi akakuachia wewe dokezo ulilomwandikia.

Majirani ni muhimu zaidi, kwa sababu wageni wengi hukosea hapa. Zamani askari ndiye alikuwa akisimama mahakamani kuendesha mashtaka. Sheria ya mwaka 2008 ya usimamizi wa mashtaka ilianza kuiondoa kazi hiyo mikononi mwa polisi, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikawa ofisi inayojitegemea. Kwa hiyo kama mtu ashtakiwe au asishtakiwe, na kwa kosa gani, huo ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka na mawakili wake. Wewe unahakikisha jalada linalowafikia linasimama. Mwaka huo huo ilianzishwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali. Huyo ndiye anayeitetea Serikali kwenye kesi za madai, zikiwemo zile ambazo raia anadai fidia kwa sababu ya kitendo cha askari. Mikataba na tafsiri kubwa za sheria zina mwenyewe, Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Wa Dodoma tuna bahati moja. Makao Makuu ya Polisi yako hapa, wizara yetu iko Mtumba, Mahakama nayo imehamishia makao makuu yake hapa. Jambo ambalo mwenzako wa Rukwa analiandikia barua na kusubiri wiki, wewe unalimaliza kwa nauli ya daladala. Tumia bahati hiyo. Nenda ujitambulishe kwa Wakili wa Serikali Mfawidhi kabla hujawa na shida, ukiwa huna la kuomba.

Hatua ya 3: Weka mezani vitabu sahihi

Katiba, hasa Ibara ya 13 na ya 15. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Sheria ya Mtoto, Sura ya 13. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Na PGO (Police General Orders, yaani maagizo ya kudumu ya Jeshi la Polisi), kwa sababu afande atakayekubishia juu ya Sura ya 20 hatakubishia juu ya PGO.

Angalizo moja tu, lakini zito: Toleo la Sheria la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimehama. Askari waliokariri namba kwa miaka ishirini bado wanaandika za zamani. Ndiyo maana humu nataja namba za vifungu kwa uchache. Kila unaponukuu kifungu kwenye dokezo, taja na toleo.

Hatua ya 4: Soma jalada kama mtu anayetaka kulivunja

Hapa ndipo siku zako nyingi zitaishia. Jalada linaletwa na mpelelezi kabla ya kwenda kwa wakili wa serikali, na anachotaka kusikia ni "liko sawa". Usiliseme neno hilo kabla hujapita sehemu hizi.

Anza na saa. Sheria inampa polisi saa nne za msingi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, kuanzia pale alipozuiliwa. Zinaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa, na muda wa kumsafirisha hauhesabiwi. Mtu akikamatwa kijijini ndani kabisa Chemba, masika, gari likakwama korongoni, muda ule unaweza kuelezeka. Ila nani aliuandika? Ukikuta maelezo ya onyo (yale anayoyatoa mtuhumiwa baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake) yameanza baada ya kupita saa sita tangu akamatwe na hakuna mstari hata mmoja unaoeleza njiani palikuwa na nini, rudisha jalada hapo hapo, leo, wakati dereva bado anakumbuka.

Kuna mtego mwingine wa saa ambao vitabu vya Kizungu haviwezi kukuonya. Askari anaandika kwa saa za kijeshi, 0400. Shahidi anasema saa nne. Karani anachapa "saa 4:00" bila kusema ni ya nini. Nimewahi kusoma jalada ambalo, kwa karatasi, mtuhumiwa alihojiwa kabla hajakamatwa. Hakuna aliyedanganya, watu watatu walitumia saa tatu tofauti. Wakili wa utetezi hana haja ya kueleza yote hayo, atasoma namba mbili kwa sauti na kukaa. Sheria ofisini kwangu ilikuwa moja: saa za Kiswahili ziandikwe na wakati wake, "saa nne usiku", na saa za kijeshi ziandikwe tarakimu nne, basi.

Kisha tazama nani aliandika maelezo. Sheria ya Ushahidi inapozungumzia kukiri mbele ya "ofisa wa polisi", inamaanisha askari wa cheo cha koplo kwenda juu. Konstebo mwenye mwandiko mzuri anapendwa sana vituoni, na mwandiko wake umeponza majalada mengi. Angalia pia lugha. Mzee wa Mvumi anayezungumza Kigogo tu, lakini maelezo yake yako kwa Kiswahili sanifu chenye "kwa mujibu wa" na "nilibaini", hayo si maneno yake na kila mtu mahakamani atajua. Atafutwe mkalimani, atajwe jina, asaini. Kama mtuhumiwa ni mtoto, mzazi, mlezi au ofisa ustawi wa jamii awepo, na uwepo wake uonekane kwenye karatasi.

Upekuzi: hati ya upekuzi iko wapi? Kama haikuwepo, dharura gani iliyozuia kuipata, na imeandikwa wapi? Hati hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu muda mwingine. Upekuzi wa saa nane usiku wenye hati iliyosainiwa na mkuu wa kituo peke yake unahitaji maelezo ya kutosha, na "tulipata taarifa fiche" siyo maelezo. Orodha ya vitu vilivyokamatwa isainiwe pale pale, na mwenye nyumba na mashahidi. Ile tabia ya kujaza orodha hiyo kituoni kwa sababu kule palikuwa na giza imetuangusha mara nyingi kuliko rushwa.

Sasa vielelezo. Mahakama ya Rufani, ikiwa katika kikao chake cha hapa Dodoma, ilieleza katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 kwamba lazima kuwe na mfululizo wa maandishi unaoonyesha kielelezo kilikamatwa na nani, kikatunzwa wapi, kikahamia kwa nani, mpaka kikafika mahakamani. PGO namba 229 inasema hivyo hivyo kwa lugha ya kijeshi. Baadaye Mahakama hiyo ililegeza kidogo kwa vitu visivyobadilishika kirahisi, lakini usimwambie mpelelezi habari ya kulegeza. Mwambie ya kwanza. Ile ya pili ni akiba ya wakili wa serikali siku mambo yakiharibika.

Na ng'ombe? Turudi kwa simu ya Ijumaa, kwa sababu kesi ya mifugo ndiyo kipimo cha mshauri wa sheria wa kanda hii. Ng'ombe hafungwi kwenye bahasha. Anakula, anakunywa, anazaa, na akifa kituoni kuna mtu atamdai IGP, Mkuu wa Jeshi la Polisi. Nilimwambia mkuu wa upelelezi mambo manne, na ndiyo nitakayokwambia.

Kwanza, mwenye mali aeleze alama kabla hajaonyeshwa mifugo: chapa, mkato wa sikio, rangi, pembe iliyovunjika, jina analomwita. Akishawaona ndipo akaeleza, umeua utambuzi, na bila utambuzi wa uhakika ile hoja kwamba mtu amekutwa na mali iliyoibwa punde haisimami. Wafugaji wa huku wanamjua ng'ombe mmoja mmoja kama wanavyowajua watoto wao. Waulize vizuri, wataeleza kuliko daftari lolote. Pili, kila ng'ombe apigwe picha, alama zikionekana, na atakayemtunza akabidhiwe kwa maandishi, kwa idadi na maelezo. Tatu, Jumatatu asubuhi wapelelezi wawe mbele ya hakimu kuomba amri ya nini kifanyike na mifugo hiyo, na washtakiwa wawepo wasikilizwe. Katika mashauri ya nyara za serikali (wanyamapori na sehemu zao) Mahakama ya Rufani imekataa vielelezo vilivyoteketezwa kwa amri iliyotolewa mtuhumiwa akiwa hayupo, na sioni kwa nini ng'ombe wa Bahi apate bahati kuliko nyama ya pofu. Nne, wale watu watatu wana saa zao zinazokimbia. Hesabu yao haihusiani na ya ng'ombe.

Hatua ya 5: Andika dokezo la ukurasa mmoja

Ushauri wa mdomo hauna mwenyewe. Mambo yakiwa mazuri, ulikuwa uamuzi wa afande. Yakiwa mabaya, "mwanasheria alisema". Kwa hiyo hata ukiulizwa kwenye korido, rudi mezani uandike dokezo sabili (loose minute), lipite masjala, lipate namba ya folio.

Lenye kurasa tano halisomwi. Langu lilikuwa na aya nne. Aya ya kwanza ni swali, kama ulivyolielewa, kwa sentensi moja. Aya ya pili ni jibu, hapo hapo, kabla ya sheria. Ya tatu ni sheria inayobeba jibu, pamoja na hatari ikipuuzwa. Ya nne ni njia nyingine ya kufika kule afande anakotaka kwenda. Aya ya nne ndiyo inayokufanya uitwe tena.

Mfano. Kamanda anataka watuhumiwa wa uvunjaji wa maduka soko la Majengo wapangwe mbele ya waandishi wa habari, kila mmoja ameshika televisheni. Dokezo linasema hivi: Swali ni iwapo watuhumiwa waonyeshwe sura zao kwa wanahabari na mali inayodaiwa kuibwa. Ushauri ni kwamba wasionyeshwe. Ibara ya 13 ya Katiba inamlinda mshtakiwa asichukuliwe kuwa na hatia kabla ya kuthibitika, na kuna mashahidi wawili ambao bado hawajashiriki gwaride la utambulisho; wakiwaona kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, gwaride hilo halina kazi tena. Inapendekezwa mali ionyeshwe peke yake, watuhumiwa watajwe kwa idadi, na wananchi walioibiwa waitwe kituoni kutambua mali zao baada ya kutoa maelezo ya alama.

Kamanda alipata habari yake, na waliobaki wakapata kesi yao.

Hatua ya 6: Jifunze kumwambia afande hapana

Hakuna chuo kinachofundisha hili. Umevaa nyota moja, aliye mbele yako ana mwenge na miaka thelathini kazini, na anataka watuhumiwa walale mahabusu mpaka Jumatatu kwa kosa lenye dhamana, "wapate adabu kidogo."

Usimpinge mbele ya watu. Kikao kikiisha, baki nyuma.

"Afande, naomba dakika tano."

"Sema."

"Hawa vijana saa ishirini na nne zinaisha kesho saa tatu asubuhi. Kosa lao lina dhamana ya polisi, na ndugu wako nje na barua za mtendaji. Wakikaa, Jumatatu wakili wao haanzi na kesi. Anaanza na sisi."

"Kwa hiyo tuwaachie wakacheke?"

"Tuwape dhamana kwa masharti, waripoti Jumatatu saa mbili. Wasiporipoti, tutakuwa na sababu ambayo hakimu ataipenda."

Angalia kilichofanyika. Hakuna "unavunja Katiba, afande." Kuna saa inayoisha, kuna aibu inayokuja, kuna njia. Akikubali, andika. Akikataa, andika pia, kwa adabu ile ile, na umpe nakala. Mara moja katika kazi yangu dokezo la namna hiyo lilirudishwa na maneno ya wino mwekundu ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini lilirudi masjala, likabaki kwenye faili, na miezi minane baadaye lilipotafutwa lilikuwepo. Kama jambo ni la kupiga mtu au kumficha mtu, hapo hakuna njia ya tatu ya kupendekeza. Unasema hapana, na unapeleka juu.

Hatua ya 7: Notisi ya siku tisini isilale masjala

Anayetaka kuishtaki Serikali lazima atoe kwanza notisi ya siku zisizopungua tisini, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Notisi hizo huletwa na vijana wa mawakili, zinagongwa muhuri, halafu zinaingia kwenye trei pamoja na maombi ya likizo. Siku ya themanini na nane ndipo mtu anaikumbuka.

Kubaliana na mtunza masjala, kwa kikombe cha chai mezani ikibidi: kitu chochote chenye neno "notisi" au "kusudio la kushtaki" kije mezani kwako siku hiyo hiyo. Hesabu siku, andika tarehe ya mwisho kwenye jalada la notisi, kwa herufi kubwa. Kusanya kitabu cha matukio, rejista ya mahabusu, rejista ya silaha kama risasi ilitumika, fomu ya PF3 (ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali), na maelezo ya askari wahusika kabla hawajahamishwa. Vyote viende kwa Wakili Mkuu wa Serikali vikiwa na maoni yako ya kweli. Kama askari alikosea, sema alikosea. Wakili anayeficha ugonjwa kwa wakili mwenzake anajenga kesi ya kushindwa. Siku tisini zimewekwa ili mambo yamalizwe, na madai mengi ya gari lililogongwa au simu iliyopotea mapokezi yanamalizika hapo.

Usimjibu mlalamikaji kwa barua inayokiri au kukana bila kuwasiliana na ofisi hiyo. Na likija ombi lililofunguliwa Mahakama Kuu la kutaka mtu fulani afikishwe mbele yake, weka kila kitu kando: nenda mahabusu kwa miguu yako, mwone mtu kwa macho yako, kisha ndipo uandike kiapo kinzani. Usiape kwa neno la simu.

Hatua ya 8: Mashauri ya nidhamu

Fupi tu. Ukimshauri Kamanda namna ya kumshtaki askari kijeshi, usikae tena kwenye jopo linalomsikiliza. Askari apewe shtaka kwa maandishi, apewe muda, asikilizwe. Kufukuzwa kazi kwa haraka jioni moja ili magazeti yaandike asubuhi kumerudishwa na mahakama zaidi ya mara moja, na mishahara ya nyuma hulipwa na Serikali.

Hatua ya 9: Dakika kumi za paredi

Omba kwa mkuu wa kituo dakika kumi kwenye paredi ya asubuhi, mara moja kwa wiki, kabla askari hawajatawanyika. Somo moja tu. Wiki hii saa nne za mahojiano, wiki ijayo bahasha na lebo ya kielelezo. Usisome kifungu. Simulia jalada lililoanguka, bila jina wala kituo, kisha uliza: lilianguka wapi? Askari wanapenda kesi kama watu wengine wanavyopenda mpira, na watakwambia wenyewe.

Asubuhi moja kituo kimoja njia ya Kibaigwa, konstebo wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono. "Afande, na kama mwenye nyumba hajui kusoma, hati ya vitu vilivyokamatwa anasaini vipi?"

Msomee yote kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi asiye askari. Aweke dole gumba. Shahidi asaini pembeni. Halafu wewe andika chini, kwa mkono wako, kwamba umemsomea, na saa ngapi, na asubuhi au jioni.